Kutembea Kilwa, Lindi na Mtwara kwa Hela Kidogo

Likizo ya Juni ikikaribia, na ile ya Desemba, simu yangu haitulii. "Kaka, huko kwenu Mtwara nije na laki ngapi?" "Kilwa na Mtwara si ni palepale?" "Mashua ya kwenda kisiwani wanatoza bei gani?" Nimejibu maswali haya kwa sauti, kwa maandishi, mara nyingine nikiwa juu ya bodaboda. Leo nayajibu yote kwa mkupuo, ili atakayeuliza tena nimtumie hii.

Jambo moja ulijue mapema. Nauli na chumba havimfilisi mtu, kwa sababu bei zake unaweza kuziuliza ungali nyumbani. Kinachomaliza hela ni maamuzi ya papo kwa papo: kukodi mashua nzima peke yako kwa sababu umechelewa, kutoa pesa kwa wakala mara tano kwa siku tatu, kurudi kilomita mia mbili nyuma kwa sababu ulipita mahali ulipotaka kushuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kufanya kabla hujapanda basi.

Nimechukulia unatokea Dar. Ukitokea Songea au Masasi, igeuze njia tu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA. Si cha kuonyesha polisi tu. Kwenye magofu ya Kilwa na kwenye hifadhi ya bahari kule Msimbati, raia wa Tanzania hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Ukikosa cha kuthibitisha uraia wako, unaanza mabishano usiyoyahitaji.
- Hela katika sehemu mbili: nyingine kwenye simu, nyingine mfukoni. Ya mfukoni iwe na noti za elfu moja na elfu mbili. Huku ukimpa dereva wa bajaji noti ya elfu kumi saa 1 asubuhi, chenji inageuka safari nyingine.
- Begi moja unaloweza kulipakata. Begi la kuwekwa kwenye buti lina wapagazi wake, na kila mpagazi ana bei yake.
- Ndala za plastiki. Mashua nyingi hazifiki gatini, utashuka majini. Viatu vya ngozi acha nyumbani.
- Kanga au kikoi, kwa wanawake na wanaume. Kwenye miji hii ya pwani kanga ni shuka, ni taulo, ni kivuli ndani ya mashua, na ni heshima unapoingia kwenye mtaa wenye msikiti.
- Chupa ya lita moja na nusu utakayokuwa unaijaza, na tochi.
- Mwenzako mmoja, au watatu. Hiki ndicho kifaa kinachookoa hela kuliko vyote hapo juu, na sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Chagua tarehe, kisha ndiyo uchague mahali

Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Usipange safari ya bajeti ndogo mwishoni mwa mvua. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na watu wakakwama njiani. Mwenye hela nyingi akikwama ananunua tiketi ya ndege. Wewe utakwama na hela ya siku mbili.

Juni hadi Agosti hakuna mvua, lakini kusi inavuma na bahari inachafuka, hasa mchana. Mashua zinatembea, ila utaloa, na manahodha wengine hawatataka kutoka baada ya saa 6. Miezi ninayowashauri watu ni Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba: ardhi kavu, upepo umelegea na mabasi yana nafasi.

Kuna vipindi vitatu vya kukwepa au kuvijulia namna. Wiki ya kwanza ya Agosti, maonyesho ya Nane Nane ya kanda ya kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, na vyumba vya bei ya chini mjini hujaa maofisa na wafanyabiashara. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, gesti za Masasi, Newala na Tandahimba zinashikwa na wanunuzi, madereva na watu waliolipwa juzi ambao hawaulizi bei. Halafu Ramadhani: mchana utatafuta kwa mama lishe mpaka uchoke, ingawa jioni futari za huku zitakulipa, maana kwa hela ndogo unapata uji, mihogo ya nazi, magimbi na samaki.

Hatua ya 2: Gawa hela ungali nyumbani

Chukua karatasi. Toa kwanza nauli yote ya kwenda na kurudi, pamoja na vigari vya katikati. Hiyo usiihesabu tena kuwa ni hela yako. Kwenye kinachobaki toa sehemu moja ya sita, iweke kwenye simu na usiiguse mpaka urudi au upatwe na jambo. Kinachobaki sasa kigawe kwa siku.

Mfano wa hesabu tu: tuseme umetoa nauli zote na umebakiwa na 150,000. Akiba 25,000. Inabaki 125,000. Kwa siku tano ni 25,000 kwa siku: mkilala wawili chumba cha choo cha nje na mkila kwa mama lishe, inakwenda, ingawa kwa kubana. Ukiwa peke yako na unataka self, haiendi. Hapo usipunguze chakula, punguza siku. Hela hiyohiyo kwa siku tatu ni zaidi ya 41,000 kwa siku, na utatembea kama mtu mzima.

*Kosa la kawaida:* kugawa hela kwa siku bila kutenga siku ya mashua na viingilio. Siku ya Kilwa Kisiwani itakula karibu mara mbili ya siku nyingine. Itengee fungu lake.

Jingine dogo linalouma: makato ya kutoa pesa kwa wakala hupangwa kwa madaraja ya kiasi. Kutoa 10,000 mara tano kunakugharimu zaidi ya kutoa 50,000 mara moja. Toa mara moja ukifika Kilwa, mara moja ukifika Mtwara, basi.

Hatua ya 3: Panga njia ya kwenda mbele tu

Njia yangu ni hii: Dar, Nangurukuru, Kilwa Masoko, Lindi, Mtwara, halafu basi moja la kurudi Dar moja kwa moja. Kila kipande kinakusogeza mbele. Wanaofikia Mtwara kwanza, kisha wakasikia habari za Kilwa wakarudi nyuma, wanalipa zaidi ya kilomita 250 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Nangurukuru ndiyo njia panda. Basi la Lindi au Mtwara haliingii Kilwa Masoko, linakushusha hapo na unachukua haisi au Noah kwenda mjini, kilomita thelathini hivi. Ukipata basi linaloishia Masoko kwenyewe, lipande hilo hata likiwa bovu kidogo kwa macho.

Hatua ya 4: Kata tiketi kwa mtu aliye ndani ya ofisi

Nauli za mabasi ya mikoani zina ukomo uliowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa kila njia na kila daraja la basi. Ukomo huo unatangazwa, hivyo uangalie kabla ya kwenda stendi. Dai tiketi ya kielektroniki na usome kiasi kilichoandikwa. Kama umelipa zaidi ya kilichoandikwa, tofauti ni ya mpiga debe, na ukishaondoka humwoni tena.

Tiketi ya Desemba kata wiki mbili mapema. Mwisho wa mwezi na karibu na Idd, siku nne zinatosha.

Siti nayo ina hesabu yake. Ukienda kusini asubuhi jua liko kushoto kwako. Kaa kulia. Hili halina gharama, na mtu asiyechomwa na jua saa tano hanunui soda tatu dirishani.

*Angalia:* tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, watu wanaona wamepata njia ya kuokoa hela ya chumba kimoja. Kwa Mtwara sawa, utafika kumekucha. Kwa Kilwa ni mtego, na nimenaswa nao mwenyewe. Nilijifanya mjanja, nikapanda gari la jioni, nikashushwa Nangurukuru usiku wa manane. Haisi hakuna. Bodaboda mmoja aliyekuwa macho akanitajia bei kama ananiuzia pikipiki yenyewe. Nikalala gesti ya kwanza niliyoiona, kwa bei ya mtu asiye na pa kwenda, na asubuhi nikalipia haisi kama kawaida. Kwa Kilwa panda gari la alfajiri, ufike mchana.

Hatua ya 5: Chumba kitafute kwa miguu

Ukishuka stendi, usikubali kupelekwa na mtu anayekwambia "kuna lodge nzuri hapo mbele." Kamisheni yake iko ndani ya bei yako. Kunywa chai kwanza, muulize aliyekuuzia chai, kisha tembea mitaa miwili kutoka stendi.

Kilwa Masoko, hoteli za ufukwe wa Jimbizi ni za watu wenye mifuko mingine, gesti zako ziko kuelekea sokoni. Mtwara, Shangani ni karibu na bahari na bei inajua hivyo. Mitaa ya ndani kama Magomeni na Majengo ni nafuu. Mikindani pazuri sana ila vyumba ni vichache, kwa hiyo lala Mtwara mjini na uende kwa daladala. Ni kama kilomita kumi tu.

Ukionyeshwa chumba, fanya mambo manne kabla hujataja hela. Fungua bomba. Washa feni. Kiangalie chandarua kwenye mwanga, kama kina matundu. Funga mlango kwa ndani halafu ujaribu kuusukuma. Kisha uliza hivi: "Dada, hii ni bei ya chumba au ya mtu?" Gesti nyingi chumba ni chumba, mlale mmoja mlale wawili, lakini ukiuliza "sisi wawili ni bei gani?" umeshawapa wazo.

Uliza pia kama chai ya asubuhi imo. Wakikuambia imo, uliza ni chai na nini. Chai peke yake haijawahi kumshibisha mtu.

Hatua ya 6: Kilwa Kisiwani, siku ya kuipangia

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapozama, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Kisiwa kiko kilomita kama mbili tu kutoka Masoko, unakiona ukiwa ufukweni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji. Wewe unakwenda kuona alichokiona na kilichojengwa baadaye: Msikiti Mkuu na nguzo zake, Gereza, yaani ngome ya Wareno iliyotazama bahari, na kasri la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane juu ya jabali.

a) Siku moja kabla, nenda ofisi ya uhifadhi Masoko ukachukue kibali. Ukienda kisiwani bila kibali utarudishwa. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu na unapata risiti. Hakuna sababu ya kumpa mtu noti mkononi. Uliza papo hapo kama mwongozaji amehesabiwa ndani ya hela hiyo au anapatana na wewe kando, ili usilipe mara mbili.

b) Tafuta wenzako hapohapo ofisini. Walimu, wanafunzi wa chuo, familia iliyotoka Dar, wote wanakuja kuchukua kibali kilekile. Mashua ya kukodi inalipiwa kama mashua, siyo kwa kichwa. Bei ile inayomuumiza mtu mmoja, watu sita wanaigawana wakabaki na hela ya pweza.

c) Nenda bandarini saa 1 asubuhi. Asubuhi bahari imetulia, na ndiyo saa ya watu wa kisiwani kuja na kurudi. Utaona mashua inapakia: ndoo za plastiki zilizopandana, gunia la unga, kuku wawili waliofungwa miguu, mama aliyejifunika kanga mpaka machoni kwa ajili ya upepo, baiskeli imelazwa juu ya vyote hivyo. Hiyo ndiyo mashua ya abiria. Haina ratiba, inaondoka ikijaa, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kukodi.

Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mko wangapi?"

Usilipuuze swali hilo. Ndilo linalopanga bei. Ukijibu "niko peke yangu, nataka kwenda kuangalia magofu," umeshakuwa mtu wa kukodi mashua nzima. Jibu hivi: "Tupo watatu, mzee, tunakwenda na abiria, na tutarudi na abiria wa mchana." Sasa mnazungumza nauli. Akikuambia abiria wa leo wamekwisha, uliza kuna mashua nyingine saa ngapi, kisha kaa kwenye kivuli unywe kahawa. Mara nyingi dakika ishirini zinatosha kufanya abiria wapatikane.

d) Kabla hujapanda uliza mambo mawili: maji yanajaa saa ngapi, na mashua ya mwisho kurudi ni saa ngapi. Maji hubadilika kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa aliyokupa rafiki yako wa wiki iliyopita haikusaidii. Yakiwa yamekupwa utatembea kwenye tope na mawe. Ndala zako zina kazi.

*Angalia, na hili si la kubana matumizi:* mashua ikijaa mpaka maji yanalamba ukingo, shuka. Uliza jaketi okozi. Kama hakuna na wewe huogelei, ongeza hela upande chombo chenye jaketi. Hapo ndipo ile akiba ya sehemu moja ya sita inapofanya kazi.

e) Ukikodi mashua na wenzako, elewaneni bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri, mbele ya wote. Lipeni nusu mkipanda na nusu mkirudi Masoko. Nahodha aliyelipwa yote asubuhi ana haki ya kwenda kuvua.

f) Kisiwani beba maji yako. Kutoka magofu makuu hadi Husuni Kubwa ni mwendo wa mguu wenye jua la kutosha, wengi wanakata tamaa katikati. Usikate tamaa, maana Husuni ndiyo yenyewe.

Songo Mnara? Ni mbali zaidi, kwa mashua ya injini ni safari ya saa nzima au zaidi, na abiria wa kugawana nao ni wachache. Kama hamfiki watano, iacheni. Nasema hivi huku nikijua ni pazuri.

Hatua ya 7: Kula mnakokula wenyeji

Asubuhi ni chapati na mbaazi za nazi, au vitumbua, au supu. Mchana ni wali au ugali kwa samaki na kisamvu. Kaa kwenye benchi la mama lishe mwenye foleni ya bodaboda na wabeba mizigo. Watu hao hawana subira na chakula kibaya. Salimia kwanza, kisha uliza: "Mama, sahani ya samaki leo ni bei gani?" Uliza kabla ya kunawa. Ukishanawa umeshanunua.

Mtwara nenda Feri. Vyombo vikiteremsha, samaki mzima ananunuliwa pale chini kwa bei ambayo mgahawa wa Shangani hauwezi kukupa, na pembeni kuna wanaokaanga kwa ujira mdogo. Jioni ndiyo saa ya pweza. Muuzaji ana sufuria yake juu ya jiko la mkaa, mkono wa pweza umelala ubaoni ukiwa wa zambarau, anaukata vipande vyembamba kwa kisu ambacho makali yake yameliwa mpaka kikabaki kama ukucha. Unachukua kijiti, unachovya kwenye pilipili, anahesabu vijiti. Hesabu na wewe.

Korosho: kila mtu anataka kurudi nazo. Nunua mjini kwa wanaobangua na kupima kwa kilo, usinunue dirishani kwa basi kwenye vifuko vilivyofungwa vikaonekana vimejaa. Korosho nzima ni ghali kuliko vipande, na ladha ni moja. Vya kula wewe mwenyewe chukua vipande, nzima mpelekee mkweo.

Hatua ya 8: Jaza siku zilizobaki na vitu vya bure

Kilwa Kivinje, kaskazini ya Masoko, unaingia na kutoka bila kiingilio. Ni mji mkongwe wenye majengo ya Wajerumani na mitaa ya milango ya zamani, na kuna kumbukumbu ya walionyongwa wakati wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Nusu siku inatosha.

Lindi mjini, vuka kwa kivuko hadi Kitunda, kaa chini ya minazi, rudi. Hiyo ni safari ya baharini kwa nauli ya daladala.

Mtwara nako kuna kivuko cha Msangamkuu, na ukivuka unapata ufukwe ambao hakuna anayekutoza. Mikindani tembea kwa miguu: boma la Wajerumani la 1895, nyumba za mawe zilizobomoka nusu, ghuba iliyotulia. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Boma sasa ni hoteli. Ukinunua soda moja umekaa kwenye kivuli chake kwa haki.

Msimbati ni pazuri kuliko fukwe zote nilizotaja, lakini ipangie. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio. Na magari ya vijijini huku hutoka kijijini asubuhi kuja mjini, yanarudi mchana. Maana yake ukiyafuata utalala huko, na ukikodi bajaji ya kwenda na kurudi umekula hela ya siku mbili. Ama mwende wanne, ama mlale.

Kuhusu Tendaguru, kule kwenye mifupa ya dinosaria, ambako huwa naulizwa pia, nijibu mara moja. Ndiyo, ni Lindi, na ndiyo, mjusi mkubwa yule alichimbwa huko kati ya 1909 na 1913. Lakini mifupa imesimama Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Huku utakodi gari uende ukaangalie nyasi.

Mambo yakienda kombo

*Basi limeharibika njiani.* Usikimbilie kupanda Noah kwa hela yako dakika ya kwanza. Tunza tiketi, simama na abiria wenzako, mdai konda gari mbadala au kurudishiwa nauli ya kipande kilichobaki. Akikataa, namba ya LATRA ya malalamiko mara nyingi imebandikwa ndani ya basi. Ipigeni mbele yake.

*Umefika Kilwa na bahari imechafuka.* Usimshawishi nahodha kwa hela. Nenda Kivinje siku hiyo, kisiwani uende kesho alfajiri. Uliza kabla ofisini kama kibali kinaweza kuhamishiwa kesho.

*Umekosa mashua ya mwisho kisiwani.* Usianze kupiga kelele ufukweni, bei inasikia. Nenda kwa mwongozaji wako au kwa wazee wa kijiji, salimia, eleza. Kuna watu wa kisiwani wanaovuka jioni kwa shughuli zao, unaingia humo kama abiria.

*Umelipishwa bajaji mara tatu ya bei.* Imeshapita, iache. Kesho yake muulize mwenye gesti bei ya kila safari ya mjini kabla hujatoka, iandike kwenye simu. Ukimwambia dereva "nipeleke Feri, nina hela yangu ile ya kawaida," kwa sauti ya mtu aliyewahi kwenda, hukutani na bei ya mgeni.

*Chumba kina kunguni au maji yamekata.* Sema usiku uleule, siyo asubuhi. Usiku wanakubadilishia chumba, asubuhi wanakupa pole.

*Hela imeisha Mtwara kabla ya siku ya kurudi.* Ndiyo maana nauli ya kurudi uliitoa mwanzo. Nenda ofisi ya basi uombe kusogeza tiketi hadi kesho. Wengine wanakubali bure ukiwahi siku moja kabla, wengine wanatoza kidogo. Usiku uliobaki kula muhogo wa kuchoma na pilipili pale barabarani, kipande na maji ya chupa yako. Basi la alfajiri linaita abiria saa 11, na kufika stendi kwa miguu saa hiyo ni giza, kwa hiyo mwambie bodaboda wa mtaani kwenu tangu jioni, mkubaliane bei kabisa.